Sushi Huanzia kwenye Wali: Mwongozo wa Mlaji wa Mara ya Kwanza

Anayekula sushi kwa mara ya kwanza hukaza macho kwa samaki. Ni mbichi kweli? Nitammeza? Wasiwasi huo unaeleweka, hasa kwetu tuliolelewa kuamini kwamba samaki hapiti kooni kabla ya kuona moto. Lakini unampotezea mlaji jambo lenyewe. Neno sushi halimaanishi samaki mbichi. Linatokana na neno la kale la Kijapani linalohusu uchachu, na kinachotiwa uchachu ni wali. Samaki mbichi aliyekatwa vipande bila wali ana jina lake, sashimi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama sushi uliyowekewa ni kazi ya fundi au ni ya kubabaisha, uhoji wali kwanza.

Hapo msomaji wa Kiswahili haendi mikono mitupu. Anaijua pilau iliyochambuka na iliyokuwa bokoboko, na anajua tonge linavyomegwa na kushikwa kwa vidole. Nusu ya elimu ya sushi anayo tayari.

Ilikotoka

Hapo kale samaki alitiwa chumvi na kufukiwa ndani ya wali kwa miezi mingi. Wali ulichachuka, ukamhifadhi samaki, kisha wenyewe ukatupwa. Kando ya Ziwa Biwa, Japani, bado kuna wanaotengeneza chakula cha namna hiyo, kiitwacho funazushi. Sushi inayojulikana zaidi leo ni nigiri, yaani tonge dogo la wali lenye kipande cha samaki juu yake. Hiyo ilizaliwa Edo, mji uliobadilishwa jina kuwa Tokyo mwaka 1868. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Hanaya Yohei, aliyefanya biashara Edo katika miaka ya 1820. Uchachu haukusubiriwa tena. Ulitiwa kwa siki. Kilikuwa chakula cha vibandani, cha watu wenye haraka, na tonge moja lilikuwa kubwa mara mbili au tatu kuliko la leo.

Friji hazikuwepo. Samaki alikolezwa chumvi, akalowekwa kwenye siki au mchuzi wa soya, au akachemshwa. Kama ng'onda wa pwani yetu alivyotokana na haja ya kumhifadhi samaki, ndivyo ufundi wa sushi ya Edo ulivyotokana na haja hiyohiyo. Friji zimekuja, lakini mafundi hawakuuacha ufundi huo, na ndio unaotenganisha mpishi na mkata samaki.

Wali: mambo manne ya kupima

Mchele wa sushi ni wa punje fupi, unaonata kuliko wetu. Ukiiva hupakuliwa kwenye beseni pana la mbao, ukanyunyiziwa siki iliyochanganywa na chumvi, na mara nyingi sukari. Mpishi huugeuza kwa mwiko kwa kuukata, bila kuuponda, huku ukipepewa ili mvuke utoke na punje zing'ae. Mbao nazo hunywa maji yaliyozidi.

Pima joto. Wali wa nigiri unapaswa kuwa na joto la mwili wa binadamu. Wali uliolala kwenye friji hukakamaa, kwa kuwa wanga wake hujikaza ukipoa sana. Tonge likiwa baridi na gumu, hukumu imeshatoka, hata samaki wake awe wa bei gani.

Tazama punje. Zionekane moja moja, nzima na zenye kung'aa. Zikiwa zimevurugika kama uji, mwiko ulitumika vibaya au maji yalizidi.

Pima mshiko. Jina nigiri linatokana na kitendo cha kufumbata, na fundi hulifumbata tonge mara chache tu. Linyanyuke bila kumwagika, kisha likifika ulimini lifumuke lenyewe. Tonge linalotafunwa kwa nguvu limekandamizwa. Linalosambaratika vidoleni halikushikwa. Ufundi wenyewe umo katikati ya makosa hayo mawili, na wapishi hutumia miaka kuufikia.

Mwisho, onja. Siki isikike bila kutawala, chumvi iwepo, sukari isigeuze wali kuwa kitamutamu. Ukiona wali una wekundu au ukahawia kidogo, usidhani ni uchafu. Kuna siki nyekundu inayotengenezwa kwa machicha ya sake, pombe ya mchele, yaliyowekwa muda mrefu hadi yakakolea. Mafundi wengi wa mtindo wa Edo huienzi.

Samaki: ubichi pekee hautoshi

Anza na pua. Mahali pazuri pa sushi hapana shombo. Panasikika harufu ya siki na mbao. Kisha tazama kipande: kisiwe kimekauka kingoni wala kutoa maji.

Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa malezi ya mtoto usemi huo ni sahihi, lakini mpishi wa sushi hana haraka na kila samaki. Aliyetoka majini sasa hivi nyama yake ni ngumu na ladha haijafunguka. Akitunzwa vizuri kwenye baridi, nyama hulainika na ndani yake huzalika asidi ya inosini, inayokoleza ladha. Jodari mkubwa huweza kutunzwa siku kadhaa kabla ya kukatwa.

Jodari ndiye anayewavuta wengi. Nyama yake nyekundu huitwa akami, na ya tumboni yenye mafuta mengi huitwa toro. Zamani toro ilidharauliwa, kwa sababu mafuta huharibika upesi. Leo ndiyo ghali zaidi. Januari 2019, katika mnada wa kwanza wa mwaka kwenye soko la Toyosu, Tokyo, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa kwa yeni milioni 333.6. Bei ya namna hiyo ni fahari ya mnunuzi, haipimi ladha. Mlaji mgeni ajifunze kwa akami: iwe nyekundu iliyotulia, yenye uchachu kidogo. Jodari anayewaka rangi ya tikiti maji mtilie shaka. Kuna wanaompulizia gesi ya kaboni monoksaidi ili wekundu usififie hata akichakaa, na Japani na Umoja wa Ulaya zimeipiga marufuku njia hiyo.

Lakini ukitaka kumjua mpishi, mwagize vyakula visivyo na makuu. Agiza kohada, samaki mdogo mwenye ngozi ya fedha, anayetiwa chumvi kisha siki. Chumvi ikizidi anakauka, siki ikizidi anaungua, zikipungua anabaki na shombo. Agiza anago, mkunga wa baharini anayechemshwa polepole hadi alainike, kisha akapakwa mchuzi mzito. Agiza na yai. Hapo hakuna samaki wa bei mbaya wa kumficha mpishi.

Viungo na namna ya kula

Wasabi halisi ni shina la mmea linalosagwa palepale. Rangi yake ni kijani kilichopauka, ukali wake hupanda puani kisha huondoka na kuacha utamu, na baada ya dakika chache tangu kusagwa hupungua nguvu. Ile ya kijani kikali inayokaa kinywani muda mrefu mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi. Kwenye nigiri mpishi huwa ameshaitia kati ya wali na samaki, kwa hiyo usiongeze kabla ya kuonja.

Kula kwa mkono ukipenda. Ni desturi inayokubalika kabisa. Geuza tonge, uchovye upande wa samaki kwenye soya kwa wepesi. Ukichovya wali, utakunywa chumvi na tonge litafumuka. Tangawizi iliyolowekwa kwenye siki huliwa kati ya tonge na tonge, kusafisha ulimi. Haiwekwi juu ya samaki. Anza na samaki weupe, endelea kwa wenye mafuta, umalizie na mkunga na yai. Na ule mara tu unapowekewa, wali ungali na joto.

Tahadhari

Sushi nzuri isikushawishi kukata samaki mbichi nyumbani kutoka soko lolote. Samaki wa baharini huweza kubeba minyoo wa anisakis, ambao siki haiwaui. Huuawa kwa kupikwa au kugandishwa, kwa mfano nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Samaki wa maji baridi, kama sato na sangara, wasiliwe wabichi kabisa. Wajawazito na wenye kinga dhaifu nao waagize vilivyopikwa: yai, mkunga, kamba wa kuchemsha.

Hukumu

Huhitaji kwenda kwa mpishi maarufu ili kuanza. Mwaka 1958 Yoshiaki Shiraishi alifungua Osaka mgahawa wa kwanza wa sushi zinazozungushwa mbele ya walaji, akaishusha bei hadi mtu wa kawaida akaimudu. Kipimo ni kilekile kila mahali. Sahani ya bei nafuu yenye wali wenye uvuguvugu, unaofumuka ulimini, inaishinda toro iliyobandikwa juu ya tonge baridi. Siku utakapokaa kwa mara ya kwanza, tia tonge kinywani, funga mdomo, na uusikilize wali kabla ya kumsifu samaki.