Mshono wa Ukuta wa Nyuma

Anayetaka kumpima daktari wa mishipa ya damu amtazame anaposhona ukuta wa nyuma wa aota. Aota, mshipa mkuu ushukao tumboni, huwa na upana wa karibu sentimita 2. Ukivimba kufikia sentimita 5.5, mwanaume hushauriwa utengenezwe kabla haujapasuka, kwani ukipasuka wengi hawafiki hospitali wakiwa hai.

Charles Dubost, pale Paris mwaka 1951, alikata uvimbe wa namna hiyo akaziba pengo kwa aota ya maiti. Leo hutumika bomba la kitambaa, ila tumbo hupasuliwa vilevile. Utumbo husogezwa kando, shingo ya uvimbe hutafutwa chini ya mishipa ya figo, vibano hukazwa. Mfuko wa uvimbe ukifunguliwa, damu iliyoganda huchotwa kwa mkono, na papo hapo vijishipa vya mgongoni huanza kutiririsha damu kinyumenyume. Kila kimoja hushonwa kwa ndani. Ndipo sindano huanza nyuma, mahali ambapo pakivuja baadaye hapafikiki kwa urahisi. Uzi ukilegea, damu hupenya. Ukivutwa mno, ukuta mbovu huchanika kama karatasi iliyolowa. Hata kibano hakifunguliwi hivi hivi: daktari wa usingizi huambiwa kwanza, maana damu ikirudi miguuni presha hushuka.

Mwaka 1990 Juan Parodi, huko Buenos Aires, alipitia kinenani badala ya kupasua tumbo. Bomba lililokunjwa hupandishwa juu ya waya, eksirei ikiongoza. Mara nyingi lina mguu mmoja mfupi, na waya wa paja la pili lazima uingie mdomoni mwake, tundu la kama upana wa kidole. Kwenye skrini waya unaweza kuonekana umeingia kumbe umepita nje. Fundi hupandisha katheta, mrija mwembamba wenye ncha iliyojikunja, akaizungusha: ikizunguka bila kukwama, imo ndani. Ujanja huo mdogo naupenda kweli.

Utafiti wa EVAR 1 wa Uingereza, uliolinganisha njia hizi mbili, ulikuta vifo vya siku 30 ni asilimia 1.7 kwa waya, 4.7 kwa kisu. Miaka ilivyopita faida hiyo ilififia, na mwenye bomba la waya hupigwa picha maisha yake yote, damu isije ikarudi mfukoni kimyakimya. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu ningechagua waya bila kusita. Lakini heshima yangu kubwa iko kwa sindano. Bomba la waya likishindikana kabisa, wa kulitoa ni mtu wa sindano, naye anazidi kuadimika: kesi nyepesi zimehamia kwenye waya, na vijana wanajifunzia kushona kwenye zile ngumu zilizobaki.