Maji, Msasa na Jiwe la Tabaka

Jiwe la Kisii hutoka ardhini likiwa na unyevu, na wakati huo ndio huwa laini zaidi. Ukilikwaruza kwa ukucha, alama inabaki. Watu wa Tabaka, huko Mugirango Kusini, hulipambanua kwa rangi: jeupe, la maziwa, la waridi, la kijivu, na lile lenye mishipa ya hudhurungi ambalo kila mchongaji hulisogeza kando alitunze. Wachimbaji wa machimbo ya Nyabigege hushuka shimoni na majembe, sururu na mitaimbo. Huondoa udongo mwekundu kwanza, kisha hutafuta mahali jiwe lilipojigawa lenyewe, na kulibandua kwa kufuata mpasuko huo. Hawagongi ovyo. Pande lililogongwa kwa pupa hubeba nyufa zilizojificha, na ufa mmoja wa namna hiyo unaweza kusubiri hadi sanamu imekamilika ndipo ukajitokeza. Mvua ikizidi, kuta za shimo hulegea na kuwa hatari.

Nililelewa jirani na mchongaji mmoja na mkewe, na ua wao ndio ulionifunza kutazama. Tabaka ikitajwa mbali, wanaotajwa ni wachongaji, nao wanastahili: sanamu ya ndege ya Elkana Ong'esa, mzaliwa wa hapo, iko kwenye makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini deni langu kubwa ni kwa yule mama, ambaye kazi yake huanzia pale mgeni anapodhani kazi imekwisha.

Mzee huketi chini ya mparachichi, gunia mapajani, pande la jiwe juu ya gunia. Amelikata kwa msumeno wa kawaida wa seremala, na kabla ya kuligusa tena huligeuza pande zote, akichunguza mishipa inaelekea wapi. Kama ni kiboko, mgongo huwekwa pale mishipa inapopinda. Panga fupi huondoa pembe kwa mapigo madogo yanayokwenda nje, mbali na mkono unaoshikilia. Kisha hushika kisu kidogo ambacho mpini wake umezungushiwa kamba ya mpira. Mgongo hutangulia, tumbo hufuata. Masikio huachwa kama vinundu viwili vizito hadi mwisho kabisa, kwa kuwa sikio ndilo huvunjika upesi. Nafasi kati ya miguu huchimbwa kwa ncha ya kisu, ikizungushwa taratibu, huku akipuliza unga mweupe ili aone alipofikia. Hakuna mchoro wowote kwenye jiwe. Mnyama wote yumo kichwani mwake, na kisu hakirudi mara mbili mahali pamoja.

Akimaliza, huiweka sanamu chini na kuchukua pande jingine. Mkewe huiokota.

Vifaa vyake ni beseni la maji, vipande vya msasa na kitambaa cha pamba. Huitumbukiza sanamu majini, na yeye ndiye wa kwanza kuiona rangi ya jiwe ilivyo: kile kilichokuwa kijivu cha vumbi kinatoa mishipa ya waridi chini ya maji. Huanza na msasa mkali, nao umeloweshwa, kwa sababu jiwe likisuguliwa kavu vumbi huingia kifuani. Husugua kwa kufuata umbo: shavu kwa mviringo, mgongo kwa mvuto mrefu, na kwenye kwapa za miguu huukunja msasa uwe mwembamba kama unyasi. Uji mweupe hutiririka hadi viwikoni. Huosha, hupapasa kwa kidole gumba, husugua tena. Alama za kisu zikifutika, huhamia msasa laini zaidi, kisha ule uliolainika kwa kutumika hadi unakaribia kuwa karatasi tupu. Huo hautupi. Huuhifadhi chini ya jiwe dogo usipeperuke.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limeniongoza katika kuandika. Jiwe likiwa na maji huficha mikwaruzo yake. Linang'aa, linapendeza, na mtu mwenye haraka angeridhika. Mama huianika sanamu juani na kuendelea na nyingine. Ikikauka ndipo huitazama tena, akiiinamisha huku na huku ili mwanga uipitie kwa ubavu, na mikwaruzo yote iliyosazwa hujionyesha kama nywele nyeupe. "Subiri ikauke, mwanangu," aliniambia nilipoisifu moja kabla ya wakati, halafu akairudisha majini. Kwa sababu yake, mimi huzisoma kurasa zangu siku inayofuata.

Mara nyingine kasoro si ya msasa. Sikio moja limezidi jingine, au taya limebaki nene. Hapo huiweka sanamu karibu na mguu wa mumewe, bila neno. Mzee huichukua, huipima kwa jicho, hukata kidogo na kuirudisha. Katika kaya ile sijaona uamuzi uliopokewa kwa heshima kubwa zaidi.

Sahani na bakuli zina njia yake: nyingi hupakwa rangi, kisha nakshi hukwaruzwa kwa ncha ya kisu hadi weupe wa jiwe uonekane. Sanamu isiyopakwa rangi hupakwa nta. Huachwa juani ipate joto, kwa kuwa jiwe lenye joto huinywa nta badala ya kuivaa tu, kisha husuguliwa kwa kitambaa hadi kidole kikiteleza juu yake hakiachi ukungu.

Kufungasha pia ni kazi yake. Hutandika majani makavu ya mgomba, huviringisha kila kiboko peke yake, na kuvipanga kwenye gunia, vikubwa chini, masikio yakielekea ndani. Mnunuzi akifika hupatana bei na mzee. Lakini ni mama anayefungua fundo la gunia, na ni yeye anayeamua kiboko kipi bado hakijawa tayari kuondoka.