Chakula cha kulipia mbele pale Disney: tunalinganisha na nini?

Bandugu, kuko swali linarudi-rudi ku simu zetu. Yaya au shangazi yuko Marekani, amefanya kazi ya usiku miaka na miaka, sasa anataka kupeleka watoto Walt Disney World, ile bustani kubwa ya michezo karibu na Orlando, Florida. Hoteli imepatikana. Inabaki jambo moja: je, aongeze mpango wa chakula wa kulipia mbele? Basi anatuandikia: wewe umesoma, tufanyie hesabu. Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa kati ya nchi ambazo wakimbizi wake wengi walipokelewa Marekani. Kwa hiyo hili si swali la wazungu tu. Ni la familia zetu, na franga inayozungumzwa ni ileile inayolipa pango kule na minervali huku.

Mimi ni mtu wa agronomia. Sitahukumu kama Disney ni kuzuri ao ni kubaya. Nataka kuchambua mpango wenyewe, na zaidi namna watu wanaupima, juu naona kosa kubwa liko pale.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Disney Dining Plan ilianza mwaka 2005, ikasimamishwa 2020 wakati wa Covid, ikarudi tarehe 9 Januari 2024. Unalipa mbele kwa kila usiku utakaolala ku hoteli ya Disney, halafu unapewa idadi ya milo. Kuko aina mbili. Ya kwanza ni ya kaunta: kila usiku milo miwili na kitafunio kimoja, pamoja na kikombe cha kujazia vinywaji ku hoteli muda wote wa kukaa. Mwaka 2024 ilikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 9. Ya pili inageuza mlo mmoja wa kaunta kuwa mlo wa kukaa mezani na kuhudumiwa: mwaka ule wa 2024 ilikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima, 29.69 kwa mtoto.

Sasa, wengi wanapima hivi: wanachukua menyu, wanajumlisha bei ya kila kitu mpango unaruhusu, kisha wanatazama kama jumla inapita ile waliyolipa. Ikipita, wanasema "inalipa". Hesabu inaonekana safi, lakini njo hapa inaanguka.

Sisi wa shamba tunajua kitu kimoja tangu mwaka wa kwanza. Ukitaka kujua mbolea imeleta nini, haulinganishi mavuno yako na mavuno yaliyoandikwa ku mfuko wa mbolea. Unaacha kipande shahidi, kile ambacho haukutia mbolea, halafu unaangalia tofauti. Bei ya menyu ni yale maandishi ya ku mfuko. Kipande shahidi ni chakula ambacho familia ingekula kweli kama mpango haungekuwako.

Tuchukue mfano: wazazi wawili, watoto wawili wa miaka 6 na 8, usiku tano, mpango wa kaunta kwa bei za 2024. Kwa usiku mmoja ni dola 161.68, kwa usiku tano ni 808.40. Tuseme sahani ya mtu mzima ni dola 15, soda 5, mlo wa mtoto 9, kitafunio 7. Kikombe nakiweka pembeni, juu faida yake inategemea saa utakazokaa ku hoteli. Menyu inatupa dola 144 kwa usiku, yaani 720 kwa safari yote. Mpango umeshindwa. Lakini mtu mzima kuanzia miaka 21 anaruhusiwa kuchukua pombe pa nafasi ya soda. Tuseme bia ni dola 11 na wazazi wanaichukua kila mlo. Jumla inapanda mpaka 840. Hapo watapiga makofi: tumepata faida ya dola 31.60!

Sasa tuone kipande shahidi. Familia ileile, bila mpango. Asubuhi wanakula mkate, mayai na ndizi za kununua dukani, juu Disney inaruhusu kuingia na chakula chako, isipokuwa pombe na chupa za kioo. Mchana wanaagiza sahani tatu kwa watu wanne, juu sahani za kule ni kubwa. Maji ya baridi kaunta inatoa bure. Tuseme kila kitu kinafika dola 95 kwa siku. Usiku tano ni siku sita, kwa hiyo ni 570, na chakula cha asubuhi kiko ndani. Ku mpango, mlo wa tatu wa siku bado unatafuta franga yake.

Kwa hiyo ile "faida" ya dola 31.60 ni matumizi ya dola 238.40 zaidi. Namba zangu za menyu ni za mfano, kila mtu aweke zake. Lakini zibadilishe namna unavyotaka, swali litabaki lilelile: hiyo bia ungeinunua kweli, ama umeinywa juu imekwisha lipwa?

Hapa kuko jambo la haki pia. Bei imepangwa na kinywaji cha pombe ndani. Familia zetu nyingi ni za kanisa, hazinywi. Wanalipa bei ileile na wanapokea soda. Tena kila mtu wa chumba kimoja kuanzia miaka 3 lazima awe ku mpango uleule, hauwezi kuchagua watoto tu. Na mtoto akitimiza miaka 10, anahesabiwa mtu mzima: kwa bei za 2024, kutoka 23.83 alipanda 57.01. Kwa usiku tano ilikuwa dola 165.90 zaidi, kwa tumbo ambalo halijakuwa kubwa kivile.

Kuko masharti mengine ambayo hayaonekani ku bei. Matabishi ya mhudumu wa mezani haiko ndani, na Marekani matabishi si mapenzi ya mtu, ni desturi nzito. Restora fulani za juu zinachukua milo miwili ya mezani kwa kukaa mara moja. Na kuwa na mlo haimaanishi kuwa na kiti: nafasi zinafunguliwa siku 60 mbele, zile zenye kupendwa zinaisha haraka.

Halafu kuko saa sita ya usiku. Sisi wote tunajua forfe ya mega. Imebaki saa moja, mega ziko nyingi, unaanza kupakua filamu ambayo hata hauna hamu nayo, juu kesho hazitakuwako. Mpango wa Disney unafanya vile: milo isiyotumika inakufa saa sita ya usiku siku ya kuondoka. Siku ya mwisho watu wanageuza vitafunio kuwa pakiti za bonbon za kubeba. Ile si njaa tena, ni kuogopa hasara.

Watafiti wameliona jambo hili mahali pengine. Mwaka 2006, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walitoa utafiti juu ya vyumba vitatu vya mazoezi ya mwili Marekani. Waliochukua mkataba wa mwezi wa zaidi ya dola 70 walikuja kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 17 kwa kila mara, wakati wangeweza kulipa dola 10 kwa mara kwa kadi ya mara 10. Hawakuwa wajinga. Siku ya kulipa, kila mtu anajiona yule mwenye bidii. Ku chakula ni vile: siku ya kulipa unajiona mwenye njaa kuliko utakavyokuwa ndani ya joto la Florida.

Je, mpango hauna maana hata kidogo? Hapana, tuseme ukweli. Kama watoto wanaota kula pamoja na Mickey, na wazazi wangelipa karamu ile hata bila mpango, aina ya pili inaweza kusaidia sana: bei ya mtoto mmoja ku karamu kama ile inaweza kupita dola 29.69 za siku nzima za mwaka 2024. Pale kipande shahidi chenyewe kiko juu. Tena kuko kitu cha kweli kinachonunuliwa: utulivu. Mzazi ambaye kila soda ingemfanya ahesabu dola na kukunja uso mbele ya watoto, yule anaweza kuamua kulipa zaidi ili apumzike. Ni haki yake. Lakini aseme wazi: nanunua utulivu, bei yake ni dola 238. Asiseme ameokoa franga.

Kwa hiyo yaya akiandika, usimtumie ndiyo ao hapana. Mwombe mambo matatu: nyumbani munakula namna gani siku ya safari, nani anakunywa nini, na ni milo gani ya mezani mungelipa hata kama mpango haungekuwako. Mwambie aandike hayo kabla ya kufungua menyu, juu menyu ikifunguka, kipande shahidi kinatiwa mbolea. Kisha atoe hesabu moja kwa nyingine. Tofauti njo bei ya kweli ya mpango, na yeye aliyesimama usiku kuitafuta njo mwenye kuamua kama inafaa.