Karuma Juu ya Meza Yangu

Usiku wa tatu huu sijalala vizuri, na kinachoninyima usingizi ni bomba la maji. Bomba la ndani ya kompyuta! Satisfactory, gemu ya kujenga viwanda kutoka studio ya Coffee Stain ya Uswidi, imeingia kwenye laptop yangu hapa Arua, Uganda, na sijapata kuona gemu inayoyajali maji namna hii.

Unashushwa peke yako kwenye sayari ngeni. Mwanzoni umeme wako ni wa kuchoma majani na kuni. Kisha unafungua makaa ya mawe, na hapo ndipo utamu unapoanza. Jenereta moja ya makaa inatoa megawati 75, lakini makaa peke yake hayaiwashi. Inataka na maji, mita za ujazo 45 kila dakika. Piga hesabu kwa jerikeni zetu za lita 20: jerikeni 2,250 kwa dakika, jenereta moja tu!

Mtambo wa kuvuta maji ziwani unatoa mita za ujazo 120. Kwa hiyo mitambo mitatu inanywesha jenereta nane sawasawa, 360 kwa 360, halibaki tone. Na nane mara 75? Megawati 600. Nilipoiona namba hiyo nilisimama. Hiyo ni Karuma! Bwawa letu zima la umeme la Karuma, mashine zake sita za megawati 100 kila moja, lililozinduliwa Septemba 2024, mwezi uleule toleo la 1.0 la gemu hii lilipotoka. Sisi wa West Nile, tuliokaa miaka na miaka nje ya gridi ya taifa tukitegemea megawati 3.5 za kituo cha umeme wa maji cha Nyagak kule Zombo na mitambo ya mafuta, megawati tunaijua thamani yake. Jenereta moja ya humu ni Nyagak zaidi ya 20.

Basi nikajenga. Nikalaza mikanda ya makaa, nikavuta bomba moja refu, nikawasha. Jenereta sita zikanguruma, taa za kijani. Mbili za mwisho zikawa zinawaka na kuzima, taa za njano. Makaa yapo, ziwa limejaa, kuna nini tena? Nikalifuata bomba kwa miguu, kiungo kwa kiungo, mpaka nikasoma: bomba hili la awali linapitisha mita za ujazo 300 kwa dakika, basi. Mimi nalisukumia 360! Nikaung'oa mtambo wa tatu, nikauunganisha kwenye ncha ya pili ya mstari, maji yakaingia kutoka pande zote mbili na kukutana katikati. Moja baada ya nyingine, taa nane za kijani. Nilipiga kelele mpaka shangazi akatoka jikoni.

Na maji ya humu yana uzito. Mtambo unayapandisha mita 10 tu. Ukijenga kilimani lazima uweke pampu, na ile ya kwanza inakuongezea 20. Ukishayafikisha kwenye tangi la juu yanateremka yenyewe, kama ya tangi lolote la paa mjini. Mwenye kuanza leo namsihi ajaze mabomba yote kabla ya kuwasha jenereta hata moja. Bomba nusu tupu litamtesa usiku kucha.

Kinachonisisimua kuliko vyote ni mduara wake. Mitambo ya maji inakula umeme, megawati 20 kila mmoja. Ukizidisha mashine, fyuzi inaruka, maji yanakatika, na jenereta zinazimika kwa kiu. Kuwasha upya unahitaji umeme ambao huna! Ndiyo maana zile jenereta zangu za majani sikuzibomoa. Nimezifungia laini yao, kazi yao ni kuamsha maji tu.

Na bado sijagusa mafuta! Jenereta zake ni megawati 250 kila moja, na kiwanda cha kusafisha kinatoa mabaki mazito ambayo yakikosa pa kwenda yanasimamisha kila kitu. Jumamosi wanakuja rafiki zangu wawili kutoka Koboko, maana dunia moja tunaweza kuijenga pamoja. Mmoja ni fundi bomba wa kweli. Nimeshamwambia mafuta ni yake.