Kibanja kama Utungo: Matembezi ya Vuli Bukoba

Bukoba haina majira ya majani kupukutika. Ina muhanguko, vuli ya Oktoba hadi Desemba, nayo ndiyo majira mwafaka ya kusoma vibanja, yaani mashamba ya migomba ya Wahaya yanayozunguka nyumba, vilivyosalia ndani ya mji, kwa miguu na kwa kundi dogo. Nasema kusoma kwa makusudi. Tuliposhuka kutoka Kibeta kuelekea Mto Kanoni, watu saba, kilichotushika ni mpangilio wa kijani zaidi ya ukijani wenyewe.

Kanuni ya kwanza ya mpangilio huo ni utabaka. Juu husimama msizi, ambao Wahaya huuita omuhumula na ambao jina lake la kisayansi, Maesopsis eminii, limebeba jina la Emin Pasha, mwanzilishi wa kituo cha Bukoba mwaka 1890 (mgeni aliyetiwa sahihi kwenye ukurasa asiouandika). Chini yake migomba. Chini ya migomba, mibuni ya robusta. Kisha maharage na magimbi. Na chini ya vyote, matandazo ya nyasi. Athari ya utabaka huu husikika kabla ya kuonekana. Mvua ilipokatika angani, ndani ya kibanja iliendelea kunyesha kwa dakika kadhaa, tone likishuka jani kwa jani, kama kituo kinachocheleweshwa na mtunzi anayejua thamani ya kuchelewa.

Kanuni ya pili ni wembamba wa njia. Kundi hulazimika kuwa mstari, na maneno ya aliye mbele humfikia wa nyuma yakiwa yamepunguzwa hapa na kutiwa chumvi pale; hali hiyo naiita usomaji-foleni. Mipakani husimama omulamula, mmea wa kuamulia mipaka, na kila tulipoufikia tulisita bila kuambiwa. Ni alama ya uakifishaji iliyo hai.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Ngenge, amezoea mbuga ambako jicho hutangulia mguu. Humu alilalamika kwamba haoni mbele. Sijasikia uhakiki mfupi na sahihi kuliko huo: kibanja humnyima msomaji muhtasari, kikimfichulia ubeti mmoja baada ya mwingine.

Hata hivyo utungo huu haujilishi wenyewe. Kwa desturi, nyasi za matandazo hutoka rweya, nyika ya malisho inayozunguka vibanja, na ng'ombe wanaolishwa huko ndio waletao samadi. Rweya ni pambizo tupu linalolisha maandishi. Mjini, pambizo limejengwa nyumba. Katika kibanja cha nne udongo ulikuwa wazi na migomba imekonda, ingawa nafasi kati ya shina na shina ilikuwa ileile ya kale: mizani imeshikwa, vina vimepotea. Kiongozi wetu alianza kutueleza hasara hiyo kwa kirefu. Afadhali angenyamaza, umbo lilikwisha kusema.

Katikati ya kibanja cha mwisho, pale migomba inapoachia uwanja, palikuwa na nyumba. "Karibuni, wajukuu zangu," alisema bibi mwenye mji, akatugawia kahawa ya kutafuna, punje chache kila kiganja. Tulitafuna kimya tukisikiliza matone. Hatua thelathini nyuma ya nyumba hiyo, barabara ya lami na bodaboda zake vilikuwapo muda wote.