Paa la Soko na Heshima ya Mchuuzi

Tukilitaja soko, aghalabu twafikiri juu ya bei; ni wachache miongoni mwetu wanaoinua macho kulitazama paa. Hata hivyo, paa hilo latueleza jinsi jamii inavyomthamini mtu anayeuza na anayenunua chini yake.

Katika enzi ya Malkia Victoria, Waingereza walijenga masoko makubwa ya chuma na vioo. Mojawapo ni Leadenhall la London, lililosanifiwa na Horace Jones na kukamilika mwaka 1881. Vioo vile vilikuwa na sababu: nchi ya mawingu na baridi ilihitaji mwanga, na wakati huohuo ilihitaji kinga ya mvua. Lakini paa kama hilo likihamishiwa Musoma, samaki wa mchuuzi wataharibika kabla ya adhuhuri.

Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, alilielewa jambo hili alipolisanifu Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975. Jina la mahali hapo ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Juu ya ardhi hiyo Amuli hakusimamisha nakala ya London. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunuka kuelekea juu, ambayo hukusanya maji ya mvua na kuyateremsha katika matangi yaliyo chini ya ardhi. Umbo lilelile limpalo mchuuzi kivuli ndilo limpalo maji. Hapo ndipo ulipo ubora wa kazi hii: pambo lake halikuachana na manufaa yake.

Hata hivyo, sifa isitufumbe macho. Wachuuzi waliongezeka hata wakafurika katika mitaa ya jirani, na tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza soko hilo. Baadaye serikali ililikarabati, ikajenga na jengo jingine kando yake. Uamuzi wa kutolibomoa ulikuwa wa busara, kwani kazi ya Amuli ni sehemu ya urithi wetu. Lakini umbo jema pekee halitoshi. Jengo huishi kwa matunzo, kwa tahadhari ya moto na kwa nafasi ya kutosha.

Je, watu wa Mara wajifunze nini? Si kuiga miavuli ya zege. Kuinakili Kariakoo huko Bunda bila kufikiri kungekuwa kosa lilelile la kuinakili Leadenhall. Tuige maswali: jua laingilia wapi? Upepo wa ziwa wapita wapi? Maji ya mvua yaende wapi? Mama muuza dagaa akae wapi?

Mwalimu wa Musoma, Bunda au Butiama awapeleke wanafunzi wake sokoni saa sita mchana, wapime kivuli na kuchora mahali kinapoangukia. Wakiona kuwa bidhaa zimefunikwa na muuzaji ameachwa juani, wajadili ni nani aliyesahauliwa wakati ramani ya soko ilipochorwa.