Mkesha mmoja, sauti 28: tulivyochagua nyimbo za Pasaka

Mkesha wa Pasaka wa mwaka juzi ulipofika kwenye wimbo wa mwisho, soprano wetu walikatika. Tulikuwa tumepanga kufunga kwa Haleluya ya Handel. Wanakwaya wanaijua ile sehemu ambayo soprano wanashikilia noti moja ndefu huku wenzao wakiwajibu, kisha wanapanda kidogo kidogo: sol, do, re, mi, fa. Kwenye re walikuwa wameshaanza kushuka chini ya kinanda. Mi waliipiga kelele. Fa haikutoka kabisa. Waumini walipiga vigelegele kwa kuwa ilikuwa Pasaka, lakini kwenye mabenchi ya kwaya hakuna aliyemtazama mwenzake.

Baadhi ya viongozi wa kwaya walisema mazoezi hayakutosha. Sikukubaliana nao, na hadi leo sikubaliani. Wimbo ule tuliufanyia mazoezi miezi miwili, na Jumatano ya juma lile lile ulitoka safi. Kosa lilikuwa kwenye uchaguzi, na mwenye kuchagua nilikuwa mimi. Ndiyo maana mwaka uliofuata, kabla hatujafungua kabati la nota, tuliketi kwanza na ratiba ya ibada.

Mkesha huo hauna mfano katika mwaka mzima wa kanisa. Una masomo saba ya Agano la Kale. Paroko anaweza kuyapunguza, ila lile la Kutoka sura ya 14 halirukwi. Kila somo lina wimbo wake wa katikati, na hizo saba si zaburi zote: baada ya somo la Kutoka kwaya huimba utenzi wa Kutoka 15, na baada ya lile la Isaya 55 huimba utenzi wa Isaya 12. Hapo bado hujafika kwenye Utukufu, Aleluya, litania ya watakatifu, ubatizo, matoleo na komunyo. Kwetu tunaanza saa 2 usiku, na wimbo wa mwisho hukuta saa 6 imeshapita.

Nilichukua karatasi nikaorodhesha nyimbo zote za mwaka ule tulioanguka. Pembeni ya kila wimbo niliandika noti ya juu kabisa ya soprano na noti ya chini kabisa ya besi, kwa majina halisi ya vitufe vya kinanda. Picha ilijichora yenyewe. Viitikio vyote saba tuliviimba kwa sauti nne, na soprano hawakupumzika hata kimoja. Vitano kati ya hivyo vilipanda hadi E au F ya juu. Utukufu ulipanda hadi G. Komunyo tuliimba nyimbo tatu mfululizo bila kuwaachia waumini hata ubeti. Handel aliwakuta watu ambao koo zao zilikuwa zimeshafanya kazi saa nne. Siku hiyo wimbo wowote wenye G ya kushikilia ungewaangusha.

Hapo ndipo nilipoachana na mazoea ya kuuliza kama wimbo fulani ni mgumu au mwepesi. Swali hilo halina jibu mpaka ujue utaimbwa saa ngapi, baada ya wimbo gani, na nani ameketi mahali pa sauti ya tatu, yaani tenori. Sisi tupo 28: soprano 12, alto 9, tenori 3, besi 4. Hao tenori watatu ni watu wa kazi, na mara nyingi wanaofika ni wawili. Wimbo unaoigawa sauti ya tatu katika mistari miwili, hata uwe mtamu namna gani, tuliurudisha kabatini.

Kupima noti ya juu na ya chini ni kazi inayopaswa kuwa rahisi, lakini namna yetu ya kuandika nota inaificha. Kwaya nyingi za Afrika Mashariki zinasoma herufi, yaani d r m f s l t, badala ya mistari mitano. Mfumo huu ulianzishwa huko Norwich, Uingereza, na mwalimu Sarah Glover, na katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akaueneza kwa watu wa kawaida wasio na kinanda nyumbani. Wamisionari wakaja nao. Ni mfumo ninaoupenda kwa dhati: mkulima ambaye hajawahi kuketi mbele ya piano anaweza kuusoma, na karatasi yake iliweza kupigwa hata kwa taipureta. Do inahama, hivyo kubadili ufunguo ni kubadili herufi moja pale juu palipoandikwa "Do ni".

Lakini urahisi huo ndio mtego. Ukitazama herufi l kwenye mstari wa soprano huoni kimo chake. Do ikiwa C, la hiyo ni A, noti ambayo mtoto anaifikia. Do ikiwa A, la ile ile ni F yenye dieze, karibu na dari ya sauti za wanakwaya wetu. Macho yanaona herufi moja, koo inaona tofauti kubwa. Nimeona walimu wakichagua wimbo kwa kutazama herufi tu, kisha wanashangaa mazoezini.

Mfano mmoja ulitusumbua majuma mawili. Tulikuwa na wimbo mzuri wa matoleo, Do ni A, soprano wanafika la na besi wanashuka hadi sol ya chini, yaani E ile inayoandikwa chini ya mistari mitano ya besi. Kwa soprano ilikuwa juu mno kwa saa 5 usiku, kwa hiyo wazo la kwanza lilikuwa kushusha Do iwe G. Soprano wakapata E, wakashukuru. Besi wakapata D ya chini ambayo kati ya wanne anayo mmoja, naye asubuhi tu. Ukiushusha unaua besi, ukiuacha unaua soprano. Wimbo wenye upana huo umetungwa kwa kwaya kubwa. Tuliuacha kwa huzuni, tukachagua mwingine ambao soprano hawavuki D na besi hawashuki chini ya G. Mpenzi mmoja wa kwaya alilalamika kwamba tumechagua wimbo wa kawaida. Ulipoimbwa kwa sauti kamili zilizotulia, hakuna aliyesikia ukawaida wowote.

Halafu kuna karatasi zenyewe. Kabati letu limejaa nakala za nakala, na katika nota za herufi vitu vidogo ndivyo hufa kwanza. Oktava inaonyeshwa kwa alama ndogo kama koma, juu ya herufi au chini yake. Mashine ya fotokopi ikichoka, koma hiyo hupotea na besi wanaruka oktava nzima pasipostahili. Nusu ya pigo huonyeshwa kwa nukta, robo ya pigo kwa koma. Nukta ikifutika, noti mbili za haraka zinakuwa noti moja nzima, na kizazi cha wanakwaya kinakariri mdundo ambao mtunzi hakuutunga. Katika utenzi mmoja tuligundua alto wetu wamekuwa wakiimba f mahali pa fe kwa miaka. Nilipata nakala safi kutoka kwa mtunzi mwenyewe, na e ilikuwepo, ndogo, kando ya doa la wino. Kuwarekebisha alto tisa walioshiba kosa kulichukua muda mrefu kuliko kuwafundisha wimbo mpya.

Kwa hiyo sasa tuna desturi: wimbo hauingii kwenye orodha mpaka mtu mmoja auandike upya kwa kompyuta, sauti nne zote, kisha programu iupige. Makosa ya nukta yanasikika papo hapo. Baada ya hapo kila sauti inarekodiwa peke yake na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Rekodi hizi zimetusaidia sana, ila nina angalizo: mwanakwaya huiga kila kitu, hata mahali ambapo aliyerekodi alikosa pumzi. Tunamchagua kwa uangalifu mtu wa kurekodi, na tunaandika kwenye karatasi alama ya mahali pa kuvuta pumzi.

Maneno tuliyapima kwa ukali zaidi kuliko muziki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya Desemba 1963, ulitaka maneno ya nyimbo yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na chemchemi za liturujia. Mwaka huo huo padre Stephen Mbunga, Mtanzania aliyetutangulia katika kazi hii, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwangu mimi swali linalotokana na hayo ni la kiufundi kabisa: je, tuni inakubali Kiswahili?

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na si jambo la mapambo. Barabara ni njia. Sogeza mkazo nyuma silabi moja, imekuwa sawasawa. Sasa chukua tenzi nyingi za Ulaya. Mistari yake huanza kwa silabi nyepesi na kuishia kwenye silabi nzito, na tuni zake zimejengwa hivyo hivyo: noti ya mwisho ya kila mstari inaangukia pigo zito. Neno la Kiswahili lenye silabi mbili au zaidi haliishii kwenye silabi nzito. Ndiyo maana nyimbo za kutafsiriwa hutufanya tuseme "amefufuKA" na "BwaNA", na kwa kuwa tumezizoea toka utotoni hatusikii tena. Ukiisikia kwaya ya wageni ikifanya hivyo utacheka. Ukiwa wewe, unaita ni utamaduni wa kanisa.

Kuna pia silabi zinazomezwa. Mtu ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye m yenyewe. Mtunzi mwerevu huipa noti yake, na mwimbaji anaiimba kwa midomo iliyofungwa. Nchi nayo ina silabi mbili, mkazo kwenye n. Mwanakondoo huishia kwa o mbili, na ya pili ni silabi kamili. Kwa kigezo hiki tulikataa nyimbo nne ambazo kimuziki hazikuwa na kasoro. Mbili kati yake tuliziokoa baadaye kwa kubadili mpangilio wa noti, kwa idhini ya watunzi.

Orodha ya mwisho ilikuwa hivi. Kwenye nyimbo saba za katikati, nne tulizikabidhi kwa mwimbaji mmoja mmoja, alto na besi, na kiitikio cha sauti moja ambacho waumini wote walikidaka. Tatu tu zilibaki na sauti nne, ule wa Kutoka ukiwemo, kwa sababu baada ya bahari kugawanyika haifai kuimba kwa unyonge. Kwa desturi yetu taa za kanisa huwashwa kwenye Utukufu, hivyo kila kilichotangulia kilipaswa kukaririwa; mwanga wa mshumaa hautoshi kusoma koma za oktava. Hilo peke yake liliondoa nyimbo mbili mpya.

Aleluya ilitutaka hesabu ya pekee. Padre huianzisha mara tatu, kila mara akipanda juu. Ukichagua Aleluya yenye upana wa oktava, mara ya tatu inakuwa mayowe. Tulichagua yenye noti tano tu, do hadi sol: tukaanza Do ni F, kisha G, kisha A. Mara ya tatu sol iliangukia E, mahali ambapo soprano wanang'aa bila kujikaza.

Na Handel? Wengi walitaka tumwache. Niliomba abaki, kwa sababu mbili. Haki za muziki wake hazitusumbui: alifariki 1759, na nota safi za Masiya, utungo wenye Haleluya hiyo, zinapatikana bure katika maktaba ya CPDL, iliyoanzishwa kwenye intaneti mwaka 1998. Tafsiri ya Kiswahili ni jambo jingine, maana sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na mfasiri naye ni mtunzi wa maneno yake. Tuliomba ruhusa, tukapewa. Katika kuisoma tafsiri hiyo tuliona sababu nyingine ya soprano kukatika. Pale kwenye ile ngazi, Kiingereza kina silabi tatu. "Mfalme wa wafalme" ina saba. Noti ndefu iliyotungwa kwa pumzi moja tulivu inakatwakatwa, na kila silabi inakula hewa. Tukaandika pumzi mpya kabla ya kila hatua ya kupanda, na soprano wakagawanywa makundi mawili ya kupokezana.

Sababu ya pili ya kumbakiza Handel niliikuta kwenye historia ya uma wa sauti. Uma wa Handel mwenyewe upo hadi leo, na A yake hutetema takribani mara 422 kwa sekunde. Kinanda chetu hutetema 440. Tofauti ni karibu nusu toni. D yetu iko juu ya D aliyoisikia yeye. Mpiga kinanda akabonyeza kitufe cha kubadili ufunguo, nusu toni chini. Mzee mmoja wa kwaya, mlinzi wa mila zetu, aliuliza kama si kuchafua kazi ya mtu. Nilimwonyesha hesabu, akaipitia mara mbili kwa kalamu, akakubali.

Komunyo waliimba waumini, tenzi mbili wanazozijua, na kwaya, bila soprano, iliimba ubeti wa tatu peke yake. Soprano walikaa kimya dakika nane nzima, maji mkononi. Saa 6 na robo tulisimama. Sol, do, re, mi. Kabla ya fa nikaona kundi la pili likivuta hewa kwa pamoja, mabega yametulia.

Nakala yangu ya wimbo huo ina maandishi ya penseli pembeni: Do ni D, nusu toni chini, pumzi kabla ya fa, maji kwenye komunyo. Chini yake nimeandika jambo ambalo bado sijalitatua, nalo ni tenori watatu, ambao usiku ule walikuja wawili.